Kisu au Kiroba: Mas'ala ya Paka katika Nyumba za Tabora

Katika nyumba nyingi za Tabora paka hafugwi kwanza kwa mapenzi. Hufugwa kwa sababu ya panya, na mapenzi huja baadaye, taratibu, watoto wanapokwisha kumpa jina na mama mwenye nyumba anapokwisha kuzoea kumwachia dagaa wawili watatu wa Kigoma pembeni mwa jiko. Hata mwanamume ambaye angeona haya kukiri mbele ya wenzake barazani kwamba anamhurumia mnyama asiyeliwa wala asiyelima, akirudi nyumbani usiku huuliza kama paka amekula. Kwa hiyo mas'ala ninayotaka kuyatazama leo, yaani kama yafaa au haifai kumpeleka paka wa nyumbani kwa daktari wa mifugo akakatwe uzazi, wasidhani wasomaji kuwa ni anasa ya watu wa mbali wenye wasaa mwingi. Ni kadhia inayozuka kila mwaka Isevya, Ng'ambo, Gongoni na Kanyenye, nayo aghalabu huamuliwa kimya kimya, alfajiri au usiku, kwa namna ambayo hakuna anayependa kuisimulia.

Panya wana tarehe yao katika mji huu, na tarehe hiyo ni ya njia ya misafara. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, mwezi wa Novemba mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga nyumba kubwa za tembe, zenye kuta nene za udongo na mapaa bapa yaliyofunikwa udongo vilevile, na ndani yake maghala ya pembe, nguo na ushanga. Maana msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji haukuweza kuivuka nchi hii bila ya kutua hapa Unyanyembe, ukabadilisha wapagazi, ukanunua nafaka, na mara nyingine ukangoja miezi mizima mpaka vita vitulie au mvua ipite. David Livingstone mwenyewe, baada ya kuagana na Henry Morton Stanley mwezi wa Machi mwaka 1872, alikaa katika tembe la Kwihara mpaka Agosti akiwangojea wapagazi kutoka pwani. Mji wa namna hiyo, unaolisha maelfu ya wapita njia na kuweka akiba ya chakula mwaka mzima, hauwezi kukosa panya, na paa la udongo lina maficho ambayo bati halina.

Panya mweusi wa majumbani si mwenyeji wa bara hili. Asili yake ni Asia, akavuka bahari ndani ya vyombo, na mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu katika tabaka zenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Akisha kufika pwani hakuwa na njia ya bara iliyo njema kwake kuliko ile iliyopitwa na mizigo ya watu, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 akapata na kipando. Paka alimfuata nyuma. Wachunguzi wa nasaba za wanyama walithibitisha mwaka 2007 kwamba paka wote wa majumbani duniani wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Karibu, na huyo ni ndugu wa damu wa kimburu wetu, yule paka wa kijivu mwenye miguu mirefu na mkia wa pete nyeusi ambaye hata leo huwinda katika miombo ya Sikonge na Ugalla. Basi paka wa pwani alipoingia Unyamwezi alikuwa mgeni kwa watu, lakini porini alikuwa na binamu zake, na nitarudi kwa hao binamu kabla ya kumaliza.

Natuitazame sasa kadhia yenyewe. Paka jike hupevuka mapema kuliko wengi wanavyodhani: akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, wakati watoto wa nyumba wangali wakimbeba kifuani, huanza kulia usiku kucha kwa sauti ile nzito inayowanyima watu usingizi, hujigaragaza sakafuni, huinua mkia, na madume ya mtaa mzima huja kupigana juu ya mabati. Mimba yake ni ya siku 63 hadi 67 hivi; watoto huwa watatu, wanne au watano; na kabla hajawaachisha ziwa anaweza kutaka dume tena. Mayai yake hayashuki kwa hesabu ya siku, bali hushuka kwa sababu ya kule kupandwa kwenyewe, na kwa ajili hiyo ni nadra jike kupandwa asishike mimba, na watoto wa uzao mmoja huweza kuwa na baba wawili au watatu, jambo linaloeleza kwa nini katika kikapu kimoja hutoka mmoja mweusi, mmoja wa madoa na mmoja mwekundu, bila ya haja ya kumsingizia mtu uchawi.

Tena liko jambo la mwanga, ambalo naona linafaa kufahamika zaidi kuliko linavyofahamika. Katika nchi za kaskazini, siku zinapofupika wakati wa baridi, paka jike hupumzika miezi kadhaa, kwa maana urefu wa mchana ndio unaoamsha hamu yake. Tabora iko kiasi cha digrii 5 tu kusini ya ikweta, mahali ambapo tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka ni kama dakika 35. Hivyo kwa paka wa hapa hakuna majira ya kupumzika, na wakati wa kulima, wakati wa kuvuna na wakati wa kurina asali kwake ni mamoja. Mwenye kusoma katika kitabu cha Ulaya kwamba paka huzaa majira fulani na kupumzika majira fulani, ajue kwamba mwandishi hakuwa na Unyamwezi katika fikira zake. Kwa hesabu ya hadhari kabisa, jike mmoja akizaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne kila uzao, hao ni wanane. Na jirani wanaohitaji paka, tuseme kwa ukarimu, ni wawili.

Wale sita wanakwenda wapi?

Hapo ndipo mazungumzo hukatika. Wanakwenda katika kiroba. Kile kiroba kilicholeta unga au sukari hupewa kijana wa kazi, pamoja na nauli ya bodaboda, naye huagizwa akawaache mahali penye watu: karibu na soko, ng'ambo ya reli, kwenye dampo, au chini ya mmojawapo wa miembe ile mikongwe ambayo wazee husema ilipandwa na watu wa misafara. Aliyetoa agizo huingia ndani asione. Sokoni watoto wale hupata matumbo ya samaki kwa siku chache. Walio wengi hufa kabla ya kutimiza miezi sita, kwa njaa, kwa minyoo, kwa mafua yao yale yanayoziba macho, kwa mbwa na kwa magari. Na wachache wanaookoka huwa mashume, wasioshikika, ambao hurudi mitaani usiku kufungua vyungu na kubeba vifaranga. Mwenye kumtupa mtoto wa paka hana haki ya kushangaa kuku wake wakipungua.

Sisemi haya kwa kumshutumu mtu, kwa maana mama mwenye watoto watano na kibaba cha unga kinachopanda bei hawezi kulaumiwa kwa kukosa chakula cha paka sita. Ninalosema ni kwamba uamuzi juu ya uzazi wa paka umekwisha kuamuliwa katika karibu kila nyumba, na hukumu yake ni kwamba watoto hawatakiwi. Limebaki swali moja tu, nalo ni kama hukumu hiyo itatekelezwa kabla hawajazaliwa, kwa kisu cha daktari na mama yao akiwa usingizini, au baada ya kuzaliwa, kwa kiroba. Anayesema kwamba yeye haingilii maumbile, anamwacha paka wake kama alivyoumbwa, na huku kiroba kimetundikwa nyuma ya mlango, hajatenda insafu katika kusema kwake.

Walakini hoja za upande wa pili si za kupuuzwa, na nzito kuliko zote ni ile inayotolewa na wazee. Mtu aweza kuyasikia mazungumzo yake bila ya kubisha hodi, kwa kuwa yakisemwa Cheyo au yakisemwa Ng'ambo hufuata njia ile ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyo paka unampeleka wapi?"

"Kwa daktari, bibi, akafungwe kizazi."

"Afungwe kizazi! Kwani amekukosea nini?"

"Hajanikosea, bibi, ila anazaa mno."

"Mwache azae. Aliyempa tumbo ndiye aliyempa riziki."

"Na wale wa mwezi uliopita, bibi, riziki yao iko wapi?"

Hapo bibi hukumbuka kwamba ana maji jikoni.

Ajabu ni kwamba nchi hii ni nchi ya maksai. Hakuna Mnyamwezi wala Msukuma anayefunga jembe la kukokotwa kwa fahali mzima akatarajia kulima kwa amani. Mkokoteni unaopita barabarani asubuhi umebeba kuni au magunia ya mahindi huvutwa na maksai. Beberu huhasiwa anenepe na nyama yake isinuke. Kila upande wa wilaya unao mtu ajuaye kutumia koleo la kuhasi, naye huheshimiwa kwa ufundi wake. Na sijapata kumsikia mzee akiuliza fahali amemkosea nani. Ukiwabana juu ya tafauti hiyo hujibu kwamba fahali huhasiwa kwa manufaa, ilhali paka huhasiwa kwa kuondoa usumbufu. Jibu hilo, wajue wasijue, limekaribia sana maneno ya wanavyuoni.

Waislamu wengi wa Tabora, kama wale wa pwani ambao dini iliwapitia kabla ya kuja huku kwa njia ya misafara, hufuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo kauli ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni kali: mnyama asiyeliwa ni haramu kuhasiwa, na anayeliwa yajuzu akiwa mdogo, kwa ajili ya kuitengeneza nyama yake, lakini akiwa mkubwa ni haramu vilevile. Kwa kauli hiyo hata fahali aliyeachwa akakomaa ndipo akapelekwa kwenye koleo yumo katika katazo, jambo ambalo sijapata kulisikia likitajwa mnadani. Wapo pia waliofasiri aya ya 119 ya Surat An-Nisaa, inayotaja shetani kuwaamrisha watu kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu, kuwa ni pamoja na kuhasi wanyama. Upande wa pili, Wahanafi hutazama faida na madhara, na katika mkusanyo mkubwa wa fatwa zao uliotungwa Bara Hindi zama za Sultani Aurangzeb, paka ametajwa waziwazi: hapana ubaya kumhasi ikiwa mna manufaa au mna kuondoa madhara. Na katika zama zetu Sheikh Muhammad ibn Uthaymin wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 2001, alipoulizwa juu ya paka waliozidi alijibu kwamba wakiwa wengi wenye kuudhi, na tendo lenyewe lisiwadhuru, hapana neno, kwa sababu ni afadhali kuliko kuwaua baada ya kuumbwa.

Pamoja na hayo kuna hadithi mbili ambazo watoto wa madrasa huzijua kabla ya kujua jina la madhehebu yao. Moja ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutia wadudu wa ardhini. Ya pili ni ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya kutawadhia akanywa, kisha akaeleza kuwa Mtume alisema paka si najisi, ni katika wanaowazunguka watu majumbani mwao. Mimi si mwanachuoni, na mwenye kutaka fatwa aende kwa sheikh wake. Ila akienda, aulize swali zima. Asiseme tu, "Sheikh, yajuzu kumhasi paka?" akapewa jibu fupi la kitabu akaondoka ameridhika. Amweleze na hesabu ya watoto wanane, na kiroba, na dampo, na vifaranga vya jirani, ndipo angojee jibu. Naona sheikh yeyote mwenye busara, awe wa madhehebu gani, atatafakari kwa muda mrefu zaidi. Jirani yake Mkristo hana mlango wa fiqhi wa kufungua juu ya jambo hili, naye huachiwa dhamiri yake peke yake, ambayo kwa niliyoyaona hufika mahali pale pale, yaani penye kiroba, na huona haya vilevile.

Hoja nyingine ni nyepesi, na zinaweza kujibiwa kwa haraka. Husemwa kwamba paka aliyehasiwa huacha kukamata panya. Si kweli, kwa sababu kuwinda kwa paka hakuongozwi na hamu ya kuzaa, na jike aliyefungwa kizazi ana usiku mzima wa kukaa ghalani badala ya kuhangaika na madume. Kinachoweza kutokea ni kunenepa, maana mwili wake huhitaji chakula kidogo kuliko kwanza, na dawa yake ni mkono wa mwenye kulisha. Husemwa pia kwamba jike ni lazima azae angalau mara moja ili awe na afya. Hapana ushahidi wa jambo hilo, na kinyume chake ndicho kilichothibitika, kwamba anayekatwa kabla ya joto lake la kwanza huepukana kwa kiasi kikubwa na uvimbe wa saratani wa matiti, na hawezi kupatwa na usaha wa mji wa mimba, maradhi yanayoua majike wakubwa ghafula. Wako wanaotafuta njia ya mkato, wakamchoma sindano ya kuzuia mimba au kumpa vidonge. Dawa hizo zikiendelea kutumiwa huleta usaha ule ule na uvimbe ule ule, kwa hiyo nafuu ya leo hulipwa baadaye kwa uhai wa mnyama.

Kikwazo cha kweli, ambacho hakisemwi barazani kwa sababu hakina utamu wa mjadala, ni mkono wa kushika kisu. Mkoa huu ni wa ng'ombe, na mtumishi wa mifugo wa kata amezoea majosho, chanjo na ndama waliokwama tumboni. Paka kwake ni mgonjwa mdogo, mkali, mwenye kucha, anayefia katika dawa ya usingizi kwa kosa dogo la kipimo. Kumhasi dume ni kazi nyepesi: mnyama hulazwa kwa nusu kaputi, kokwa mbili hutolewa kwa mikato midogo, na muda wake ni dakika chache. Kwa jike ni kufungua tumbo hasa, kutafuta mji wa mimba ulio mwembamba, kuufunga mishipa na kuutoa pamoja na vifuko vya mayai, na kushona tabaka kwa tabaka. Si kazi ya kufanyiwa juu ya meza ya duka la dawa za mifugo, seuze kufanywa na yule mzee wa koleo, ambaye nawasihi wasomaji wasimwite kabisa, hata kwa dume, hata akisema amewahi.

Kwa hiyo mwenye paka na aulize bila ya haya. Aliyetajwa kuwa daktari, je, ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, kama Sheria ya Veterinari namba 16 ya mwaka 2003 inavyotaka, au ni mwenye mkoba tu? Amekwisha kufungua matumbo ya paka, na wangapi wamepona? Atampima uzito kabla ya kumchoma dawa, au atakisia kwa macho? Ana dawa ya maumivu ya baadaye? Mnyama alale na njaa saa ngapi? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Akikasirika, paka arudishwe kapuni. Tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, na kumpasua kiumbe aliye macho ni mateso hata nia iwe njema namna gani. Ikiwa Tabora mwezi huo hapana mtu wa kuaminika, mimi ningengoja mpaka apatikane, hata kama maana yake ni kuzaa mara moja zaidi na kuwatafutia watoto wenyeji nyumba kwa nyumba; maana nikimtetea paka dhidi ya kiroba, kisha nikamkabidhi kwa kisu kibutu, sikumfanyia hisani.

Akisha kupasuliwa huletwa nyumbani akiyumba, na usiku wa kwanza ndio wa kuangaliwa. Alazwe ndani, mahali pakavu pasipo na upepo, chini na si juu ya kitanda atakapoanguka, na maji kidogo karibu yake. Asiachwe kulamba mshono. Na hapa naomba kusikilizwa kwa makini kuliko mahali pengine pote katika makala haya: asipewe parasetamoli. Huruma ya nyumbani humfanya mtu avunje kidonge kile kile anachompa mtoto mwenye homa akakichanganya na maziwa, na kwa paka kidonge kimoja chatosha kumuua, kwa sababu ini lake haliwezi kuiondoa sumu hiyo. Siku ya kupelekwa kwa daktari ndiyo siku nzuri ya kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao kwa jina lake umewafanya wengi wadhani kwamba paka hahusiki nao, ilhali hung'atwa akaupata na kuuambukiza kama mbwa.

Wenzetu wa sehemu nyingine wamekwisha kulishughulikia jambo hili kwa mji mzima badala ya nyumba moja moja. Lamu, ambako paka ni wengi katika vichochoro kuliko punda, kuna zahanati ya wanyama ambayo huwakamata paka wa mji, ikawahasi na kuwarudisha walikotoka. Uturuki, nchi ya Kihanafi, ilitunga sheria mwaka 2004 iliyozitaka serikali za miji ziwahasi na kuwachanja wanyama wa mitaani, na paka wa Istanbul wangali wakilala mbele ya milango ya misikiti bila ya mtu kuona kwamba dini imevunjwa. Kwetu huku ipo sababu ya ziada, na ndipo narudi kwa binamu. Paka wa kijijini na kimburu ni jamaa wa karibu kiasi cha kuzaana, na watoto wao huzaa pia; kila dume la nyumbani linaloachwa kuzurura katika vijiji vinavyopakana na Ugalla, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, linaweza kuingiza damu ya jikoni katika ukoo wa porini, na ukoo huo ukichanganyika vya kutosha hapatakuwa na kimburu tena, patakuwa na mashume wenye miguu mirefu. Serikali yaweza kuweka walinzi dhidi ya majangili, lakini dhidi ya paka dume mwenye njaa ya mapenzi haina askari.

Dume ndilo lililo gumu katika mas'ala haya, si kwa upasuaji bali kwa miliki. Jike ana nyumba. Dume lina mtaa. Hula kwa huyu, hulala kwa yule, hunyunyizia mkojo mlango wa wa tatu, na likirudi limepasuka sikio na usaha shingoni kwa vita vya usiku hapana anayelidai. Likihasiwa, mara nyingi huacha kunyunyiza, huacha kutembea mbali na hupigana kidogo, na kwa hiyo huepukana na maradhi ya damu ambayo paka huambukizana kwa kuumana. Faida hiyo ni ya mtaa mzima, na gharama ingepasa kuwa ya mtaa mzima. Mitaa yetu huchanga kwa msiba, kwa harusi na kwa ulinzi. Lakini mchango wa kumhasi shume, ukitajwa leo katika mkutano wa mtaa, utachekwa, na mwenyekiti atahamia ajenda nyingine, nami sitawalaumu waliocheka, kwa kuwa taa za barabara hazijawaka na mfereji umeziba.

Kwa sababu hiyo naona waanze wenye majike, ambao hawahitaji mkutano wa mtu yeyote. Mwenye wawili na fedha ya mmoja ampeleke kwanza yule mdogo ambaye hajaanza kulia usiku, maana upasuaji wake ni mwepesi na kinga yake ya maradhi ni kubwa zaidi. Yule mkubwa, ikiwa ananyonyesha, asubiriwe mpaka watoto waweze kula peke yao, na wakati huo wote afungiwe ndani magharibi inapoingia, dirisha likiwa na wavu, kwa kuwa kunyonyesha hakumzuii kushika mimba nyingine na dume halisubiri watoto waachishwe.